Kwenda kuona shoo ya farasi wa Hungaria na kurudi siku hiyohiyo, hatua kwa hatua

Kila ikifika mwezi wa nne maswali yanaanza upya. Mmoja kaja Budapest kumtembelea dada yake, mwingine ndo kapata skolashipu ya serikali ya Hungaria, Stipendium Hungaricum, yuko mji wa Debrecen mwaka wa kwanza, mwingine yuko Vienna anataka kuja wikiendi, na wote wanauliza yaleyale: ile shoo ya yule jamaa anayesimama juu ya farasi wawili iko wapi, naendaje bila gari, nitaweza kurudi usiku uleule? Nimeshajibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka, kwa hiyo naandika yote hapa, wewe soma mpaka mwisho kabla hujakata tiketi.

Kwanza ujue unaenda kuona nini. Upande wa mashariki na kusini mwa Hungaria kuna uwanda mkubwa wanauita Alföld, na yale mbuga ya nyasi tupu ndani yake ndo puszta, inatamkwa "pusta". Ni tambarare mpaka macho yanachoka kutafuta kilima. Huko kuna wachungaji wa aina nne na kila mmoja ana jina lake: wa farasi anaitwa csikós, wa ng'ombe gulyás, wa kondoo juhász, wa nguruwe kondás. Csikós ndo anahesabiwa juu ya wenzake wote. Shoo yenyewe sehemu kubwa imetokana na kazi yake, sio sarakasi ya kutengenezewa watalii, na ukiiangalia hivyo utaona vitu ambavyo waliokaa pembeni yako hawavioni.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti au kadi ya ukaazi. Hungaria ipo Schengen, viza ya Schengen uliyoingilia Austria au Ujerumani inafanya kazi pia, ila hakikisha siku zako hazijaisha.
- Forinti za mkononi. Hungaria ipo Umoja wa Ulaya tangu 2004 lakini haitumii yuro. Kadi zinakubalika sehemu nyingi, ila kijijini, chooni na kwa bibi anayeuza asali barabarani ni keshi.
- Kitambulisho cha mwanafunzi kama unacho, punguzo la nauli ni kubwa.
- Kofia, maji, mafuta ya jua, na koti jepesi la upepo. Puszta haina mti wa kujificha.
- Viatu vya kufunika mguu na soksi ndefu. Kwenye nyasi kuna kupe, na kupe wa Ulaya analeta maradhi.
- Simu yenye chaji ya kutosha na betri ya akiba, maana ratiba zote ziko humo.
- Dawa ya mafua ya mzio kama unasumbuliwa. Mwezi wa nane na wa tisa kuna gugu wanaliita parlagfű, vumbi lake linawatoa watu machozi nchi nzima.

Hatua

1. Chagua sehemu kulingana na unapolala. Hapa ndo wengi wanakosea, wanaona picha nzuri ya Hortobágy, mbuga iliyo mbali mashariki, wanataka Hortobágy wakati wamelala Budapest na wana siku moja tu. Sehemu ziko nyingi, mimi nakupa tatu.

Ukiwa Budapest na una nusu siku tu, nenda Lázár Lovaspark, iko Domonyvölgy karibu na mji wa Gödöllő, kama kilomita 35 kutoka katikati ya jiji. Ni ya ndugu wawili, Vilmos na Zoltán Lázár, ambao wamekuwa mabingwa wa dunia wa kuendesha gari la farasi wawili. Unapanda metro ya M2 mpaka mwisho, Örs vezér tere, unashuka unapanda treni ya HÉV ya H8 mpaka Gödöllő, halafu teksi. Tiketi ya kawaida ya Budapest inaishia mpakani mwa jiji, kwa hiyo kata ya nyongeza, wakaguzi wa HÉV hawana mchezo. Gödöllő penyewe kuna jumba la kifalme alilolipenda sana malkia Elisabeth wa Austria na Hungaria, yule wanamwita Sisi, unaweza kuunganisha yote siku moja.

Ukiwa Budapest na una siku nzima, nenda Bugac, inatamkwa "Bugats", ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kiskunság iliyoanzishwa 1975. Treni kutoka stesheni ya Nyugati mpaka mji wa Kecskemét ni kama saa moja na dakika ishirini, halafu basi kama kilomita 40 hivi kwenda kusini. Mimi binafsi nikiulizwa sehemu moja tu, nasema hapa.

Ukiwa Debrecen, usihangaike kabisa, nenda Hortobágy. Ni kama kilomita 40 magharibi, treni ya njia ya Füzesabony inapita hapohapo. Hiyo ndo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Hungaria, 1973, na tangu 1999 ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kutoka Budapest inawezekana kwenda na kurudi kwa siku, ila utakaa kwenye treni zaidi ya saa tano jumla, na ukiwa na watoto sikushauri.

2. Chagua mwezi. Mila yao ni kwamba mifugo inatolewa malishoni karibu na siku ya Mtakatifu George, tarehe 24 Aprili, na inarudishwa zizini karibu na siku ya Mtakatifu Demetrius, tarehe 26 Oktoba. Shoo nyingi zinafuata msimu huohuo. Ukienda Januari utakuta ukungu na geti limefungwa. Mimi napenda mwezi wa tano, nyasi bado za kijani na jua halijawa kali. Karibu na tarehe 20 Agosti, sikukuu ya Mtakatifu Stefano, Hortobágy kuna mnada mkubwa wa darajani, ni raha lakini watu ni wengi balaa. Na Oktoba pale Hortobágy kuna kitu cha ziada, makorongo wanaohama wanatua kwa makumi ya maelfu, jioni anga lote linapiga kelele.

3. Pata saa ya shoo kwanza, ndo upange mengine kurudi nyuma. Hii ndo hatua yenyewe. Usianze na treni. Tafuta mtandaoni neno *lovasbemutató* au *csikósbemutató* pamoja na jina la sehemu, angalia tovuti yao wenyewe, halafu piga simu au tuma imeili kuthibitisha tarehe yako, maana siku nyingine wanafanya kwa vikundi vilivyoweka nafasi tu. Mara nyingi shoo ni moja kwa siku, ukiikosa umeikosa.

Ukipiga simu sikiliza saa kwa makini sana. Wahungaria wakisema *fél egy*, neno kwa neno ni "nusu ya moja", wanamaanisha 12:30, yaani saa sita na nusu mchana kwa hesabu yetu. *Negyed egy* ni 12:15, saa sita na robo. Mara yangu ya kwanza mama aliyepokea simu aliniambia *fél egy*, mimi nikajua ni moja na nusu ya kwao, 13:30, nikafika pale natembea taratibu na mke wangu na wageni wawili kutoka Tanga, tukakuta vumbi linatua na vijana wanawafungua farasi. Tulisafiri masaa mawili na nusu kwenda kuangalia farasi wanakunywa maji. Toka siku hiyo kila mtu ninayemwelekeza namwambia aombe saa iandikwe kwa tarakimu nne.

Ukishaipata, rudi nyuma hivi. Tuseme ni Bugac na shoo ni 12:15. Unatakiwa uwe getini saa tano asubuhi, ili upate tiketi na gari la farasi la kukupeleka uwanjani. Basi la Kecskemét basi liondoke saa nne au kabla. Treni ya Nyugati iondoke saa mbili. Na kabla hujalala angalia basi la MWISHO la kurudi, liandike kwenye karatasi, maana vijijini jioni hakuna basi la kubahatisha.

4. Kata tiketi. Tumia programu ya simu ya MÁV, shirika la reli, ina Kiingereza. Treni zinazoandikwa IC mara nyingi zinataka tiketi ya kiti juu ya nauli, inaitwa *helyjegy*, na hata mwenye punguzo anatakiwa kuilipia. Kama unakaa Hungaria mwezi mzima au unazunguka sana, tangu 2023 kuna pasi ya nchi nzima ya mwezi, *országbérlet*, inafanya kazi kwenye treni, mabasi ya mikoani na ile HÉV, lakini bado kwenye IC utaongeza ya kiti. Angalia pia kama kuna matengenezo ya njia, wikiendi wanapenda kuweka mabasi badala ya treni.

Mwenye gari: M5 kwenda Kecskemét, M3 kwenda Gödöllő, na Hortobágy ni M3 halafu barabara namba 33. Lipia kibali cha barabara kuu mtandaoni kabla hujaingia, kamera zinapiga picha namba yako. Na dereva asionje pombe hata tone, sheria yao ni sifuri kabisa. Nalisema hili kwa sababu mnapokelewa na kikombe cha pálinka mlangoni.

5. Ukishuka, hakikisha umeshuka panapotakiwa. Bugac kijiji na Bugacpuszta yenye shoo ni sehemu mbili, katikati ni kilomita kadhaa. Muoneshe dereva wa basi jina kwenye simu, geti liko karibu na mgahawa wa Karikás Csárda. Hortobágy ni rahisi zaidi: shamba la farasi liko Máta, ukitoka stesheni unaweza kwenda kwa mguu, na ukiwa na muda pitia kwanza daraja la mawe la matao tisa, lilijengwa 1827 mpaka 1833, lina urefu wa mita 167.

6. Panda gari la farasi, kaa pembeni. Usikae katikati ya benchi, huoni kitu. Njiani watakuonesha ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu, kondoo wa racka ambao pembe zao zimejisokota kama skurubu zimenyooka juu, na kile kisima chenye mti mrefu unaopanda na kushuka, *gémeskút*: ncha moja ndoo, ncha nyingine uzito, unavuta kidogo tu maji yanapanda. Ukiruhusiwa kujaribu, jaribu.

7. Kwenye shoo, angalia vitu hivi vitatu. Wengine watakuwa wanarekodi video, wewe angalia kwa macho kwanza.

La kwanza ni tandiko. Csikós mara nyingi amevaa bluu, suruali pana kama sketi, na chini yake kuna tandiko ambalo halina mkanda wa kupita tumboni kwa farasi. Limewekwa tu mgongoni. Asili yake ni kazi, mchungaji akishtukia jambo anatupa tandiko na kuondoka mara moja bila kuhangaika na vifungo. Sasa fikiria kukimbia mbio kamili juu ya kitu ambacho hakijafungwa, kinachokishikilia pale ni uzani wa mpandaji mwenyewe tu.

La pili ni farasi kulala. Hapa naomba usogee karibu kadri kamba inavyoruhusu. Anamgusa farasi, anaongea naye kidogo, yule mnyama mkubwa anakunja miguu ya mbele, anashusha kiuno, analala ubavu kabisa kwenye vumbi. Csikós anakaa juu yake, anainua mjeledi, anaupiga hewani, unalia kama bunduki. Wewe unashtuka, mtoto anashtuka, farasi hata sikio halichezi. Mimi huwa naangalia lile sikio tu. Wanaeleza kwamba ujuzi huu ulikuwa wa kujificha, mbuga haina kichaka wala jiwe, majambazi wa zamani wanaoitwa betyár na wapiganaji walilaza farasi ndani ya nyasi ili wasionekane kwa mbali. Na mlio wa bunduki usimtoe mafichoni, ndo maana anazoezwa kwa mjeledi. Farasi hawezi kulala ubavu mbele ya kelele kama hamuamini mtu wake, akiwa chini hana mbio na mbio ndo silaha yake kubwa.

La tatu ndo lile lililokuleta, *pusztaötös*, farasi watano. Watatu wanatangulia mbele, wawili nyuma, na csikós amesimama, mguu mmoja kiunoni kwa huyu na mwingine kiunoni kwa yule, hatamu zote tano mkononi. Cha ajabu ni kwamba ilianza kwenye picha: mchoraji wa Austria, Ludwig Koch, aliichora kabla hakuna aliyeifanya, ndo baadaye kwenye miaka ya 1950 csikós wa Hungaria wakasema tutaifanya kweli. Wakipita mbele yako angalia magoti yake, hayajanyooka hata sekunde, yanacheza juu chini na migongo ya wale wawili. Ardhi utaisikia kwenye nyayo zako kabla hujawasikia wao.

Wengi wa farasi hawa weusi au kahawia iliyoiva ni wa aina ya Nonius. Babu yao alikuwa dume moja kutoka Ufaransa, kazaliwa 1810, akaletwa kwenye shamba la Mezőhegyes ambalo lipo tangu 1784.

8. Baada ya shoo, tulia na wanyama. Usisimame nyuma ya farasi hata kama anaonekana mpole, pita mbele au mbali. Usimpe mkate wala peremende, uliza kwanza. Droni iache nyumbani, ni hifadhi na farasi wanashtuka na kitu cha juu. Mara nyingi wanaruhusu wageni kujaribu mjeledi: vua miwani, hakikisha nyuma yako hakuna mtu, zungusha juu ya kichwa taratibu halafu geuza mkono ghafla. Kinacholia ni ule mgeuzo, sio nguvu. Anayeuvuta kwa nguvu anajichapa mgongoni mwenyewe.

9. Kula, ila uliza. Ule mchuzi maarufu wa gulyás umepewa jina la wale wachunga ng'ombe, na kwenye sufuria ya nje juu ya moto ni mtamu, una pilipili ya paprika isiyowasha sana. Kwa asiyekula nguruwe, tahadhari ni tatu. Nyama inaweza kuwa ya ng'ombe, *marha*, lakini kitunguu kimekaangwa na mafuta ya nguruwe, *zsír*. Vile vimkate vya chumvi vya kukaribisha, *pogácsa*, vingi vina makombo ya mafuta ya nguruwe ndani na kwa macho hutajua. Na pálinka ni pombe kali hata kama inanukia tunda. Jifunze sentensi moja: *Nem eszem disznóhúst*, tamka "nem esem disnohusht", sili nyama ya nguruwe. Hawachukii, wanakuletea kitu kingine. Kwa anayetaka halali kamili, beba chakula chako.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kununua kifurushi mapokezi ya hoteli bila kuuliza muda wa shoo yenyewe. Kuna safari za basi za masaa nane ambazo farasi unawaona dakika arobaini, zilizobaki ni duka na chakula cha mchana. Sio vibaya kwa mzee au mwenye watoto wadogo, lakini uliza kabla hujalipa.

Kudhani tiketi ya shoo ni pamoja na kupanda farasi. Sio. Kupanda ni mambo mengine, kunawekwa nafasi mapema.

Kuvaa nguo nyeupe. Vumbi lile halitoki.

Yakiharibika

*Treni imechelewa na basi limeondoka Kecskemét.* Stesheni ya treni na ya basi ziko karibu, kimbia uangalie ubao kwanza, huenda lipo lingine la njia tofauti. Kama halipo, mko watatu au wanne, ulizia teksi na mkubaliane bei kabla hamjapanda. Wapigie watu wa shoo uwaambie mnachelewa, kama wana kundi kubwa siku hiyo wakati mwingine kuna nafasi ya baadaye.

*Mvua.* Mvua nyepesi shoo inaendelea. Mvua ya radi wanasimamisha, kwa sababu udongo unateleza na farasi anaweza kuvunja mguu, usiwalaumu. Piga simu asubuhi kabla hujatoka nyumbani.

*Nimefika nimeambiwa leo ni vikundi tu.* Usigeuze. Subiri kundi lifike, nenda kwa kiongozi wao umuombe kwa adabu, anza na *Jó napot kívánok*, "yo napot kivanok". Mara mbili nimeingia hivyo, nikalipa kiingilio changu kama wao.

*Mtoto anaogopa mlio wa mjeledi.* Kaa naye mstari wa nyuma kabisa, mzibe masikio kwa viganja vyako pale tu csikós anapoinua mkono, sio muda wote. Mwambie aangalie farasi aliyelala kama naye ameogopa.

*Nimemkuta kupe mguuni.* Usimpake mafuta wala usimchome. Mshike karibu kabisa na ngozi kwa kibano, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, safisha, andika tarehe. Ikitokea duara jekundu linapanuka siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa puszta.

*Basi la mwisho limeniacha.* Rudi palepale kwenye shamba au kwenye csárda, uliza kama kuna mfanyakazi anayerudi mjini jioni, au chumba. Sehemu nyingi hizi zina vyumba vya wageni. Ukilala, amka alfajiri kabla ya jua, ndo muda wanaowatoa farasi kwenda malishoni na hakuna tiketi ya kuangalia hilo.